Maswali ya wasomaji: kuinua gari lenye mifuko ya hewa nyuma

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti. Watu wanataka gari likae juu zaidi kabla ya kwenda Mloka kwenye lango la hifadhi ya Nyerere, Saadani au kwenye viwanja vyao vya Kigamboni, lakini nyuma gari halina springi, lina mifuko ya hewa. Au lina springi na ndani yake kuna mifuko ya kusaidia mzigo. Tumejibu tano. La kwanza tumelipa nafasi kubwa kwa sababu linagusa karibu kila mwenye gari la aina hiyo.

Mafundi, habari za kazi. Nina Prado 120 iliyotoka Japani. Nyuma ina mifuko ya hewa na ndani kuna kitufe cha kupandisha na kushusha. Nataka kuinua inchi mbili, mbele na nyuma. Fundi mmoja ananiambia nitoe mifuko niweke springi. Mwingine anasema atasogeza vifimbo vya sensa tu na kazi imekwisha. Nimsikilize nani? Gari ni la familia, na mara chache kwa mwaka tunapakia kwenda hifadhi ya Nyerere kupitia Kibiti.
*Msomaji, Mbezi Beach*

Nzuri, ndugu yetu. Mambo yote mawili yanafanyika, ila kuna swali linalotangulia: mifuko hiyo ina umri gani? Prado 120 zilitengenezwa kati ya 2002 na 2009. Kama mifuko ni ile ya kiwandani, mpira wake umezeeka hata kama haujatoboka. Washa gari, pandisha hadi HI (usawa wa juu), zuia matairi, halafu mulika kwa tochi kutokea pembeni uangalie pale mpira unapojikunja upande wa chini. Usiingize kichwa wala mkono kati ya chasisi na ekseli. Ukiona mipasuko midogo inayouzunguka mfuko kama mikunjo ya shingo, usifikirie kuuinua. Mfuko huo unahitaji kubadilishwa au kuondolewa.

Sasa tueleze mfumo unavyofanya kazi, maana hapo ndipo watu wanapotupa pesa. Kila upande wa nyuma una sensa iliyofungwa kwenye chasisi, na mkono wake umeunganishwa na ekseli kwa kifimbo. Kompyuta haijui gari liko sentimita ngapi kutoka chini. Inachojua ni pembe ya mkono wa sensa. Pembe ikionyesha gari limeshuka, kompresa inajaza hewa. Ikionyesha limepanda, vali inatoa hewa. Ukisogeza kishikio cha sensa au ukibadilisha urefu wa kifimbo, unaidanganya kompyuta, nayo inajaza hewa hadi pembe irudi pale ilipoizoea. Gari linapanda bila kununua kitu chochote kikubwa. Ndiyo maana mafundi wengi wanaipenda njia hii.

Kasoro yake iko kwenye shokapu. Kwa kawaida HI hulinyanyua gari takribani sentimita 4 juu ya N, yaani usawa wa kawaida. Ukisogeza sensa mpaka N mpya iwe pale ilipokuwa HI, shokapu ya zamani inakuwa imeshavutwa karibu na mwisho wake gari likiwa limesimama tu. Ukivuka tuta la barabarani, ekseli inataka kushuka na haina pa kushukia. Unasikia mlio mkavu nyuma, "tok". Hiyo ni shokapu inafika mwisho. Ukiiacha hivyo, bushi zake zinakufa, kisha oili inaanza kuvuja. Tena kitufe cha HI usikiguse, kwa sababu sasa kinauvuta mfuko nje ya urefu uliotengenezewa.

Kwa hiyo kusogeza sensa peke yake tunakukubalia kwa milimita 25, au 30 kama shokapu ni nzima. Inchi mbili, ambazo ni takribani milimita 50, hapana.

Ukitaka milimita 50 na mifuko ibaki, kazi ina vipande vinne na vyote vifanyike pamoja. Mfuko unawekewa kipande cha kunyanyulia, cha alumini au plastiki ngumu, ili ufanye kazi kwa urefu wake uleule. Sensa zote mbili zinasogezwa kwa kiasi hichohicho; usipozisogeza, kompyuta itatoa hewa mpaka gari lirudi pale pale. Shokapu zinabadilishwa kuwa ndefu zaidi. Na mpira unaozuia ekseli isigonge chasisi unashushwa kwa unene wa kile kipande. Hili la mwisho linasahaulika mno. Umeongeza milimita 50 kwenye safu ya mfuko, kwa hiyo gari likidumbukia shimoni mfuko unabanwa hadi mwisho kabla mpira haujagusa, na uzito wote wa pigo unaishia kwenye mfuko.

Kosa la upande wa pili ni kufunga shokapu ndefu bila kipande cha kunyanyulia. Ukipiga jeki kwenye chasisi, ekseli inashuka, shokapu bado ina nafasi, na mfuko ndio unaobeba uzito wa ekseli kwa kuning'inia. Unachomoka kwenye kiti chake. Ukishusha gari, unajikunja vibaya na kuchanika. Kipimo tunachokihimiza ni hiki: shokapu ifike mwisho kabla ya mfuko wakati ekseli inashuka, na mpira wa kuzuia uguse kabla ya mfuko wakati ekseli inapanda. Pima vyote viwili kwa jeki, hewa ikiwa imetolewa, kabla hujafunga bolti ya mwisho.

Njia ya tatu ni springi. Kwa matumizi uliyoyataja, na kama mifuko ni ya zamani, sisi tungekwenda huko. Springi haisagwi na mchanga kama mpira wa mfuko, na haikuachi Mloka saa mbili usiku. Unachopoteza ni ule uwezo wa gari kujisawazisha lenyewe unapopakia, kwa hiyo chagua springi kwa uzito unaobeba siku nyingi, si kwa safari ya mara moja. Springi za kuinua huuzwa kwa makundi ya mzigo wa kudumu, mathalani hadi kilo 200, au kilo 200 hadi 400. Mtu asiyebeba kitu akinunua ya kilo 400 gari linasimama mkia juu na kurukaruka kwenye barabara ya Bagamoyo. Kumbuka kununua na viti vya mpira vya juu na chini vya gari lenye springi, maana vya mifuko havifanani.

Ukitoa mifuko, umeme nao una lake. Kompyuta isipoona sensa inawasha taa kwenye dashibodi na taa hiyo inaendelea kumetameta. Suluhisho safi ni kuziacha sensa zimeunganishwa na waya zake, kuzitoa vifimbo, na kufunga mikono yake imara kwenye pembe ya N, zote mbili sawa. Kisha chomoa waya wa kompresa ili isianze kusukuma hewa kwenye mabomba yaliyobaki wazi. Shokapu za gari lako huenda zina mota ndogo juu za kubadilisha ugumu. Ukifunga za kawaida, soketi za mota zibaki zimefunikwa vizuri zisiingie maji. Na mfumo ukilalamika, hilo ni la fundi umeme mwenye mashine ya kusomea kompyuta, si la kukata waya.

Sasa kazi yenyewe. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya spana yoyote, gari likiwa kwenye sakafu tambarare, N, injini inawaka, pima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa juu wa tao la gurudumu, pembe zote nne, uandike. Bila namba hizo utabishana na fundi baadaye bila ushahidi. Kisha bonyeza kitufe cha OFF cha kudhibiti urefu. Ukipiga jeki kikiwa hakijazimwa, kompyuta itaona ekseli imeshuka na kuanza kutoa hewa yenyewe. Chasisi ikae kwenye stendi, si kwenye jeki, na kamwe mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na hewa. Hewa inatolewa kwa kulegeza kiungo cha bomba polepole, uzito ukiwa tayari kwenye stendi na macho yamefunikwa kwa miwani.

Mbele Prado 120 ina shokapu iliyovalishwa springi. Toa viungo vya stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) pande zote mbili, siyo upande mmoja, kwa sababu ukiacha mmoja stabilaiza inausukuma mkono wa sasipensheni na utapigana nao bure. Toa boljointi ya juu, bolti ya chini ya shokapu na nati tatu za juu. Nati ya katikati haiguswi mpaka springi imebanwa kwa kibanio chake. Springi hiyo ikiachiwa ghafla inaua, na tunalisema hili bila kuongeza chumvi.

Kama unatumia kipande cha kuweka juu ya shokapu badala ya springi mpya, jua hesabu yake: shokapu imefungwa karibu na katikati ya mkono wa chini, kwa hiyo milimita 10 juu ya shokapu huwa takribani milimita 20 kwenye tairi. Kipande cha milimita 25 ndicho kinachokupa inchi mbili. Watu wameweka cha 50 wakidhani wanapata 50, kisha sivijointi (viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele) zikabaki zimepinda kama goti. Gari likilalia upande mmoja, kipande cha milimita 5 upande huo kinarudisha karibu sentimita moja.

Bolti za mikono na za chini za shokapu zifungwe kwa nguvu kamili gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, bushi inakazwa ikiwa katika pembe hiyo. Ukishusha gari inabaki imesokotwa kutwa kucha, na baada ya miezi michache mpira umeachana na chuma. Karibu kila malalamiko ya "bushi mpya zimekufa" yanatokea hapa. Nati za magurudumu ni Nm 112 kwa toki renchi. Rudi gereji baada ya kilomita 500 zikazwe tena zote.

Mwisho kabisa, magurudumu yote yakiwa yananing'inia, angalia bomba za breki, waya za ABS, kamba ya breki ya mkono na bomba la kupumulia la difu. Kila kimoja kibaki na ulegevu. Kisha wili alaimenti, na taa za mbele zishushwe, kwa maana gari lililopandishwa linawachoma macho wanaokuja mbele yako.

Neno moja la mwisho kwako kuhusu njia ya Mloka. Kuinua sasipensheni kunapandisha chasisi, bampa na difu ya mbele. Difu ya nyuma iko kwenye ekseli na haipandi hata milimita moja. Inapandishwa na tairi tu. Ukitoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, kipenyo kinaongezeka kwa takribani milimita 26, yaani difu inapanda 13. Ukifuata mapito ya malori yaliyochimba katikati, hizo 13 ndizo utakazoziona.

Nina Prado yenye springi nyuma, ndani ya springi nilifunga mifuko ya kusaidia mzigo. Mwaka huu nimebadilisha springi kuwa za inchi mbili juu zaidi. Tangu hapo mifuko kama haifanyi kazi, na mmoja umepasuka ubavuni. Nimeambiwa ni mibovu, ninunue mingine. Ni kweli?
*Mama wa safari, Tegeta*

Dada, usinunue mingine ya kipimo kilekile, itapasuka vilevile.

Mfuko wa ndani ya springi huchaguliwa kwa vipimo viwili: kipenyo cha ndani cha springi, na urefu wa springi gari likiwa limesimama. Wako ulipimwa kwa springi ya zamani. Springi mpya ni ndefu, kwa hiyo juu ya mfuko kumebaki uwazi. Gari tupu likisimama, mfuko haugusi juu, haubebi kitu. Ukivuka tuta springi inanyooka, mfuko unalala upande, ncha inaingia kati ya mizunguko ya springi, na springi ikirudi inaubana. Ndio ule mpasuko wa ubavuni.

Una njia mbili. Agiza mfuko mrefu uliotengenezewa springi iliyoinuliwa, au weka chini ya mfuko kipande cha plastiki ngumu chenye unene sawa na kiasi ulichoinua, kipenyo kikiwa kidogo kuliko cha mfuko ili kisisugue springi. Tunapendelea mfuko mrefu. Kipande kinafaa kama kimekaa imara na hakiwezi kutembea.

Kuhusu presha, mifuko mingi ya aina hii ina kiwango cha chini cha psi 5 na cha juu cha psi 35. Soma maandishi ya wako. Hizo 5 za chini ni za lazima hata gari likiwa tupu, kwa sababu mfuko usio na hewa unakunjamana na kusuguana na chuma. Namna ya kuweka presha sahihi haitokani na kukisia. Pima urefu wa nyuma gari likiwa tupu na psi 5. Pakia mizigo na watu. Pima tena. Kisha jaza kidogo kidogo mpaka nyuma irudi karibu na kipimo cha kwanza, sentimita moja au mbili chini yake, usivuke hapo. Ukishusha mizigo, punguza hewa siku hiyohiyo. Gari tupu lenye psi 30 nyuma linarukaruka, na kwenye lami yenye mvua mkia unateleza kirahisi.

Mfuko huu ni mdogo sana, hewa yake ni kidogo. Kompresa ya gereji inaweza kuupitisha kiwango kwa sekunde mbili, kwa hiyo tumia pampu ya mguu au ya mkono. Na kila unapochomeka geji unapoteza psi moja hadi tatu kwa kupima tu. Ukipima mara nne mfululizo utasema mfuko unavuja kumbe wewe ndiye unayeutoa hewa.

Funga vali mbili, ya kulia na ya kushoto kila moja peke yake. Ukiunganisha mifuko kwa kiungo cha T, kwenye kona hewa inakimbia kutoka mfuko uliobanwa kwenda ule uliolegea na gari linalala zaidi. Bomba likatwe kwa wembe, mkato ulionyooka, siyo kwa koleo. Na likae mbali na bomba la moshi, angalau sentimita 15.

Tena, dada, mifuko inanyanyua mkia tu. Uzito ambao gari liliruhusiwa kubeba ni uleule, na breki, bea na tairi zinaujua.

Shikamooni. Nina Hilux ya springi za pasi, nimeweka shakoli ndefu (vyuma vinavyoshika ncha ya nyuma ya springi) na mifuko ya hewa juu ya ekseli ili nibebe mizigo kutoka Kariakoo kwenda Mkuranga bila mkia kushuka. Sasa mlango wa nyuma wa kabini unasumbua kufunga na nafasi kati ya kabini na bodi imekuwa pana juu kuliko chini. Inahusiana?
*Kijana wa mizigo, Mbagala*

Marahaba. Inahusiana, na tunakuomba usipakie tena mpaka chasisi imeangaliwa.

Springi ya pasi inafikisha uzito kwenye chasisi sehemu mbili, mbele kwenye pini na nyuma kwenye shakoli, zenye umbali wa zaidi ya mita moja. Mfuko unasukuma sehemu moja tu, katikati, juu ya ekseli. Ukiujaza sana, uzito mwingi unahama kutoka zile sehemu mbili kwenda hapo katikati. Mzigo ulio nyuma ya ekseli unashusha mkia wa chasisi, kabini na injini vinaelemea mbele, na mfuko unasukuma juu katikati. Chasisi inapinda, mara nyingi nyuma kidogo ya kabini. Uwazi kuwa mpana juu ndiyo dalili yake. Safisha chasisi kwa brashi ya waya, kati ya kabini na ekseli, pande zote mbili, utafute rangi iliyopasuka au mstari wa kutu. Ukikuta ufa, usikubali mtu apige welding juu juu na kupaka rangi. Chasisi inyooshwe kwenye benchi kwanza, kisha iungwe na mtu anayejua kazi ya chasisi.

Kuna hatari nyingine ambayo haina sauti. Hilux nyingi zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Mkia ukishuka kwa mzigo, vali inaongeza breki za nyuma. Ukiunyanyua mkia kwa shakoli na mifuko, vali inaamini gari ni tupu, inazinyima breki za nyuma nguvu, wakati umebeba tani. Angalia kama yako ipo. Kama ipo, kishikio chake kisogezwe kwa kiasi ulichoinua, na mifuko isitumike kurudisha mkia wa gari lililojaa hadi usawa wa gari tupu.

Shakoli ndefu nazo tusizisifu. Ukiongeza sentimita 5 kwenye shakoli unapata kama 2.5 tu kwenye ekseli, na ekseli inazunguka kidogo kiasi cha kuharibu pembe ya propela. Toa hizo, ongeza pasi au nunua springi za mzigo, mzigo mzito ukae mbele ya ekseli ukiegemea kabini, na mifuko ibaki na presha ndogo ya kusaidia.

Prado yangu ikilala, asubuhi nyuma kushoto imeshuka. Nikiwasha kompresa inalia muda mrefu ndiyo inapanda. Nibadilishe kompresa?
*Msomaji, Upanga*

Usianze na kompresa. Hiyo inachoka kwa sababu kuna pengo mahali, na mpya nayo itachoka.

Pandisha HI, zima gari, pima pande zote mbili, liache saa 12, pima tena. Upande mmoja ukishuka peke yake, tatizo ni mfuko wa upande huo, bomba lake au vali yake. Zikishuka zote sawa, tafuta kwenye sehemu ya pamoja karibu na kompresa. Changanya sabuni ya kuoshea vyombo na maji, nyunyiza kwanza kwenye kiungo cha bomba juu ya mfuko, halafu kwenye mkunjo wa chini. Mapovu madogo yanayokua polepole yanatosha kushusha gari usiku kucha, kwa hiyo subiri dakika mbili kabla ya kusema hapavuji. Kiungo kikivuja, mara nyingi ni mpira mdogo wa duara uliokauka, na huo ni wa bei ndogo.

Mfuko ukivuja kwenye mkunjo, badilisha, na ubadilishe miwili. Usinunue mtumba, iwe Gerezani au Ilala. Chuma cha mtumba kinaweza kuwa kizuri kuliko kipya cha bandia, lakini mpira uliokaa kwenye gari lingine umri wake hauujui. Baada ya kufunga, ujaze hewa kidogo huku gari likiwa bado kwenye stendi, mpira ujikunje vizuri, ndipo ushushe uzito. Ukishusha gari juu ya mfuko mtupu unaweza kuuchana siku hiyohiyo uliyoununua.

Kwenye kompresa kuna chombo cha kukaushia hewa chenye chembe za silika. Kwa unyevu wa Dar chembe hizo zikishachoka, maji yanaingia kwenye mabomba na vali zinaganda kwa kutu. Ukiwa unashughulikia uvujaji, fungua chombo hicho pia. Na ukitoka ufukweni Kigamboni, pandisha HI na uoshe mikunjo ya mifuko kwa maji safi ya bomba la kawaida. Mchanga uliobanwa kwenye mkunjo unasaga mpira kila tuta unalovuka. Dizeli, oili na grisi visiguse mpira huo.

Nimeinua Prado 120 inchi mbili, mifuko nimetoa, springi mpya pande zote. Sasa kwenye 80 stering inatangatanga, na nikiachia mafuta kuna mtetemo. Gereji wanasema nitazoea.
*Msomaji, Kimara*

Usizoee. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Kutangatanga kunatokana na kasta, yaani mwinamo wa mhimili wa stering kuelekea nyuma. Gari la sasipensheni huru likipanda, pembe ya kasta inapungua na stering inakosa hamu ya kurudi katikati. Bolti za mkono wa chini zina vijicho vya kurekebishia, na kwenye magari ya pwani mara nyingi zimeshikana na kutu, kwa hiyo fundi wa alaimenti anarekebisha vidole vya matairi tu (yanavyoelekea ndani au nje) na kukuachia karatasi. Mwambie aonyeshe namba za kasta pande zote mbili kabla na baada. Zisitofautiane zaidi ya nusu digrii. Bolti zikigoma, zikatwe na zifungwe mpya na bushi zake. Kama zimefika mwisho na kasta bado ni ndogo, hapo unahitaji mikono ya juu iliyotengenezewa gari lililoinuliwa.

Mtetemo ukitokea unapoachia mafuta, shuku pembe za propela kabla ya balansi ya tairi. Kumbuka Prado 120 inaendesha magurudumu manne wakati wote, propela ya mbele nayo haipumziki. Angalia kwanza msalaba wa propela kama una mchezo, na kama alama za propela zilirudishwa pale zilipokuwa wakati wa kufunga. Kisha angalia urefu wa mbele. Tumeona Prado nyingi zilizouziwa inchi mbili zikiwa zimepanda karibu tatu, kwa sababu springi ya gari lenye bampa la chuma na winchi imefungwa kwenye gari lisilo navyo. Pima katikati ya tairi hadi tao, linganisha na kipimo cha kabla. Ikiwa imezidi milimita 50, badilisha springi kwanza. Vipande vya kushusha difu ya mbele vinapunguza pembe ya sivijointi, lakini vinakurudishia difu chini karibu sentimita 2.5, na kwa gari lililoinuliwa inchi mbili halisi mara nyingi havihitajiki.

Nyuma, angalia panadi rodi, ile fimbo inayozuia ekseli isiende kulia wala kushoto. Gari likipanda, ekseli inavutwa kuelekea upande ambao rodi hiyo imefungwa kwenye chasisi. Pima kutoka tairi hadi chasisi kulia na kushoto. Tofauti ya milimita chache haina neno. Ikizidi sentimita moja, funga rodi inayorekebishika urefu, kisha urudi kwenye alaimenti ukiwa na karatasi ya kwanza mkononi.